Kamera Rahisi, Mkanda Ghali

Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa na picha 36 za harusi ya binamu yangu Tanga, na haukuwa na hata moja. Nilivuta, nikafyatua, nikavuta, nikafyatua, tangu bibi harusi anatolewa ndani mpaka wazee wanaondoka na sahani za pilau zilizofunikwa. Kihesabio kilipofika 36 hakikugoma. Kikaenda 37, 38, mpaka 40, nami nikafurahi kwamba nimezidishiwa.

Mzee aliyenisafishia, mpiga picha wa studio aliyekwisha kustaafu, aliuinua ule mkanda mbele ya dirisha. Ulikuwa mweupe mwanzo mpaka mwisho, unaona mnazi wa jirani kupitia humo.

"Mwanangu, ulipokuwa unavuta, kizungushio cha kushoto kilikuwa kinazunguka?"

"Kizungushio kipi, mzee?"

"Basi," akasema. "Mkanda haukushika."

Ncha ya mkanda ilikuwa imechomoka upande wa kulia tangu nilipofunga kifuniko, na siku nzima nilikuwa navuta hewa. Kamera haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeinunua kwa bei ya kutupa na nikajisifu kwa marafiki kwamba nimepata kitu rahisi. Rahisi kwa bei ilikuwa kweli. Rahisi kuitumia, hapana. Anayeanza kupiga picha kwa mkanda leo anazihitaji maana zote mbili za neno hilo, na katika soko la kamera za zamani hazikai pamoja mara nyingi.

Tuanze na hesabu, kwa tarakimu za mfano tu, maana bei hubadilika kila mzigo unapoingia. Chukulia kamera umeipata kwa shilingi 150,000, na mkanda mmoja pamoja na kuusafisha na kuuskani unakula 60,000. Ukipiga mkanda mmoja kwa mwezi, mwaka unaisha umetumia 720,000 juu ya kamera. Sasa chukua kamera ya 70,000 inayovujisha mwanga. Mpaka umegundua kwamba kosa si la mkono wako, mikanda mitatu imeungua, na 180,000 zimekwenda. Kwa hiyo swali la kamera ya bei nafuu ni swali la kamera isiyoharibu mikanda. Tofauti ya elfu themanini baina ya kamera mbili hufidiwa kabla ya mvua za vuli, na picha ulizozikosa hazifidiwi.

Ukimwuliza yeyote aliyetangulia, atakutajia majina mawili: Pentax K1000 na Canon AE-1. Zote mbili zilitoka mwaka 1976, na sifa zake zimeenea kiasi kwamba sifa yenyewe imeingia kwenye bei. Ni kamera tofauti sana kwa tabia. K1000 ni chuma na gia. Iliendelea kutengenezwa mpaka 1997, kwanza Japani, kisha Hong Kong na China, na shule nyingi za upigaji picha ziliipenda kwa sababu haina pa kujificha: unaweka kasi ya pazia, unazungusha tundu la lenzi, unaangalia sindano ya kipima mwanga mpaka ikae katikati, unafyatua. Haina hata kitufe cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha. Betri yake moja ndogo ya LR44, ile ya kikokotoo, inalisha kipima mwanga peke yake. Ikifa, kamera inaendelea na kazi. Kipima mwanga hicho hakina swichi ya kuzimia. Ukiiacha kamera mezani bila kifuniko cha lenzi, inapima mwanga usiku na mchana mpaka betri inakwisha, na wanaoanza huambiana kwamba mashine imekufa.

AE-1 iliuzwa kwa jambo jingine: ilikuwa na kompyuta ndogo ndani, na ingeweza kukuchagulia tundu baada ya wewe kuchagua kasi. Kwa wakati wake lilikuwa ajabu. Lakini bila betri ya volti 6 haifyatui kabisa, na betri hiyo huikuti kwa kila fundi saa. Kuna pia kile kikohozi. AE-1 nyingi zilizokaa muda mrefu, ukizifyatua, hutoa mlio kama mtu mwenye pumu, kwa sababu mafuta ya gia za kioo yamekauka. Fundi anayejua hutia tone moja mahali panapotakiwa na kikohozi kinakwisha. Asiyejua anamimina, mafuta yanafika kwenye pazia, na umebaki na pambo la kabati. Mimi simshauri anayeanza anunue AE-1 kwa bei inayoulizwa siku hizi. Ni kamera nzuri, ila nusu ya unacholipa ni jina.

Anayetaka tabia ya K1000 bila bei ya K1000 atazame majina yasiyoimbwa. Kiwanda cha Cosina cha Japani kiliwatengenezea kamera wenye majina makubwa kwa miaka mingi: Yashica FX-3 ilitoka kwake, na baadaye Nikon FM10 na Olympus OM-2000. FX-3 ni nyepesi na pazia lake linakwenda bila betri. Ngozi ya bandia ya nje hubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na wauzaji hupunguza bei kwa sababu hiyo, ingawa kwa picha haina maana yoyote. Ricoh KR-5 nayo hupokea lenzi zilezile za K1000. Hapo ndipo penye pesa iliyolala: mwili wa kamera usio na jina, na lenzi ya milimita 50 yenye jina.

Halafu ziko za Ujerumani Mashariki na za Urusi. Praktica za Dresden ni imara na hazina madaha. Zenit-E usishangae kuikuta katika sanduku la mjomba aliyesoma Moscow; ilitengenezwa kwa mamilioni, na lenzi yake ya Helios 44-2 leo inatafutwa kuliko kamera yenyewe, kwa jinsi inavyozungusha majani ya nyuma ya mtu kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Mwili wa Zenit-E lakini una ukaidi wake. Kasi zinaanzia 1/30 na kuishia 1/500. Ukifunga tundu, unachochungulia kinakuwa giza, hivyo lazima ulenge kwanza tundu likiwa wazi, kisha ufunge, kisha ufyatue, na mtoto uliyekuwa unampiga ameshakimbia. Kwa FED na Zorki, zinazofuata mtindo wa Leica, mwanafunzi ajifunze kanuni moja kabla hajagusa kitu: vuta mkanda kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Katika baadhi yake, ukigeuza utaratibu huo unavunja kitu ndani.

Sasa niseme lisilopendwa. Kamera iliyo rahisi kwa maana zote mbili, mara nyingi, ni ile ambayo hakuna anayeitaka: ya plastiki, ya miaka ya 1990, inayolenga yenyewe. Mfano wangu ni Canon EOS 300 ya mwaka 1999, ambayo Marekani waliiita Rebel 2000. Haina uzuri wowote wa kuweka begani. Lakini itazame inavyofanya ukiweka mkanda: inauvuta wote mpaka mwisho kwa mlio wa mota, kisha inaurudisha picha kwa picha kila unapofyatua. Kama mkanda haukushika, inakuambia saa hiyohiyo, kabla bibi harusi hajatoka. Na kifuniko kikifunguka kwa bahati mbaya katikati ya safari, picha ulizokwisha kupiga ziko salama ndani ya kopo lake. Kinachoungua ni kile ambacho hukukipiga bado. Kamera ya namna hiyo ingeniokolea harusi nzima.

Ina faida nyingine ambayo katika miji yetu si ndogo. Mfumo wa lenzi wa Canon EF ulianza 1987 na ndio uliokuja kutumika kwenye kamera zao za dijitali zenye kioo. Maana yake, lenzi ya milimita 50 ya rafiki yako anayepiga harusi kila Jumamosi inaingia kwenye EOS 300 bila maneno. Zile zilizoandikwa EF-S haziingii. Ubaya wake ni betri: inataka CR2 mbili, ambazo si za kila duka na si za bei ya mchezo. Na ikifa, imekufa. Hakuna fundi atakayekaa na saketi ya plastiki ya 1999 wakati anaweza kukuuzia nyingine.

Wapo watakaosema kwamba kamera inayofanya kila kitu haifundishi. Hoja hiyo ina uzito ikiwa utaiacha kwenye alama ya kijani siku zote. Ukiigeuza kwenye M, unaamua mwenyewe kasi na tundu, sawasawa na K1000. Kinachokosekana ni ule ulazima. K1000 inakulazimisha ufikiri hata siku usiyotaka, na wengine tunahitaji kulazimishwa.

Za mfukoni nitazipita upesi, isipokuwa mbili. Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka 1984, haitumii betri yoyote. Ule mviringo wenye vijicho kuzunguka lenzi ni selenium, unaogeuza mwanga kuwa umeme kidogo wa kutosha kusogeza sindano. Umbali unauchagua kwa michoro: kichwa kimoja, watu wawili, kundi, mlima. Ili kujua kama ingali hai, iweke kwenye A, izibe kwa kiganja na ubonyeze: lazima kibango chekundu kichomoze kwenye dirisha la kuchungulia na ikatae kufyatua. Ikifyatua gizani, selenium imechoka, rudisha mezani kwa adabu. Nyingine ni Yashica MF-2, ile nyeusi ya plastiki yenye flashi yake, iliyotupiga wengi wetu tukiwa na sare za shule na soksi zilizoshuka. Haina cha kurekebisha wala cha kujifunza, lakini kwa sherehe za nyumbani bado inatoa picha, na betri zake za AA zipo kila duka. Zile za mfukoni zinazosifiwa mitandaoni, kama Contax T2 na Olympus mju II, ni umeme mtupu uliofungwa kwa ustadi. Bei ya T2 ilipaa zaidi baada ya Kendall Jenner kuionyesha kwenye kipindi cha runinga cha Marekani mwaka 2017. Kulipa bei ya pikipiki kwa kitu ambacho mota yake ikigoma hakina fundi ni uamuzi wa mwenye pikipiki ya akiba.

Kuna njia ya kukabili ughali wa mkanda wenyewe: kamera za nusu picha. Wajapani walilipata tatizo letu mapema. Mwaka 1959 Yoshihisa Maitani wa Olympus alibuni Pen, akiwa amepewa lengo kwamba iuzwe kwa yen 6,000, na kila picha ilichukua nusu ya nafasi ya kawaida. Mkanda wa 36 unatoa 72. Wazo hilohilo Pentax wamelirudia mwaka 2024 kwa kamera mpya kabisa, Pentax 17, iliyoanza kwa takriban dola 500, kwa hiyo tusiihesabu kwenye bei nafuu. Pen ya zamani inafaa, ila uliza kwanza anayeskani anatoza kwa mkanda au kwa picha. Akitoza kwa picha, ulichookoa dukani unakilipa kwake. Na kuna jambo ambalo hesabu haionyeshi: picha 72 ni nyingi kwa mtu anayejifunza. Mkanda unakaa kwenye kamera miezi mitatu, na ukisafishwa umeshasahau ulifanya nini kwenye picha ya tano.

Tahadhari moja ya haraka kuhusu aina ya mkanda. Nunua kamera ya milimita 35, ambayo kopo lake halijabadilika tangu Kodak ilipolitoa mwaka 1934. Kamera za APS utazikuta kwa bei ya chapati, ni nzuri, ni ndogo, na mikanda yake iliacha kutengenezwa mwaka 2011. Za kisanduku kama Brownie ziko nyingi zinazopokea mkanda wa 120, ambao bado upo madukani, na si za kudharau: Mohamed Amin, aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha tumika. Lakini picha 8 kwa mkanda ni shule ya gharama.

Ukishachagua jina, bado hujachagua kamera. Huku pwani adui wa kwanza ni fangasi. Lenzi iliyokaa miaka kumi kabatini Mombasa, Unguja au Dar, ndani ya mkoba wake wa ngozi uliofungwa vizuri kwa nia njema, ndiyo hasa ya kuogopa, maana ngozi inashika unyevu na giza ni chakula. Toa lenzi kwenye kamera, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi ni vitone na halina neno. Fangasi ni nyuzi, kama utando wa buibui au mizizi ya mche, na huanzia ukingoni kuja katikati. Ikiwa changa inasafishika. Ikiwa ya zamani, asidi yake imeshakula ngozi ya kioo, na hata ikisafishwa alama inabaki. Nimewahi kushika lenzi ya Pentax pale Kariakoo iliyokuwa safi kama macho ya mtoto kwa mbele. Nilipomulika kutoka nyuma, nikaona shamba. Muuzaji akaniambia hilo ni ua la kiwandani.

Ukipata safi, usiirudishe kwenye mkoba wa ngozi. Kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, vikishakaushwa upya, vinatosha. Na itumie. Lenzi inayopigwa jua kila wiki haioti kitu.

Kisha fungua kifuniko cha nyuma. Pembeni, kwenye mifereji ya mlango, kulikuwa na sponji nyeusi. Baada ya miaka 40 sponji hiyo inakuwa kama lami, inashika kidole, na ndiyo inayopitisha mwanga unaochora miali ya rangi ya chungwa kwenye picha. Watu wengi hukimbia kamera kwa sababu hii na hawana haja. Spiriti, vijiti vya meno, na uzi mweusi wa kufumia uliolazwa ndani ya mfereji: kazi ya saa moja. Mwombe muuzaji apunguze bei kwa sponji, usimwambie habari za uzi.

Pazia ndilo la kupima kwa makini. Weka kasi ya sekunde 1, fyatua, hesabu. Mafuta yakiwa yameganda, sekunde inakuwa mbili, au pazia linabaki nusu wazi. Panda 1/15, 1/60, mpaka mwisho, ukitazama mwanga kutokea nyuma lenzi ikiwa imetolewa. Kila kasi lazima ionekane fupi kuliko iliyotangulia. Kama pazia ni la kitambaa, mulika uone kama kuna vitobo. Mlango wa betri nao ufunguliwe: unga wa kijani au mweupe unasafishika kwa siki au ndimu, lakini ukiwa umetambaa kwenye nyaya, achana nayo. Kipima mwanga kilichokufa kwenye kamera ya gia ni hoja ya kupunguziwa bei tu, kwa sababu simu yako ina programu ya kazi hiyo. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kama Minolta SR-T 101, zilitegemea betri za zebaki za volti 1.35 ambazo zimepigwa marufuku. Betri za hewa za mashine za kusaidia kusikia zinakaribia volti hizo, na zinakaa vizuri ukizizungushia pete ya waya.

Kwa wanaoagiza mtandaoni, hasa kutoka Japani, neno "haijajaribiwa" lisome hivi: imejaribiwa. Nauli na ushuru wa forodha vihesabu kabla, maana kamera ya dola 40 hufika ikiwa na umri na bei nyingine.

Limebaki ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: nani atakusafishia? Studio nyingi zilizokuwa na mashine za mikanda zilizizima tangu dijitali iingie, kwa hiyo tafuta msafishaji kabla ya kununua chochote, na akiwa mji mwingine hesabu nauli ya basi ya mkanda. Kama hayupo, anza na mikanda ya rangi nyeusi na nyeupe ya ISO 400, Ilford HP5 Plus, Kentmere au Fomapan, ambayo inasamehe makosa ya mwanga na inasafishika nyumbani. Usinunue ule uliokaa juani kwenye kabati la kioo la duka tangu enzi za kaseti. Dawa za kawaida zinataka maji ya nyuzi 20, na bomba la Dar mchana halijawahi kusikia habari hizo, hivyo weka kopo la dawa ndani ya beseni la maji, tia barafu, chovya kipimajoto, subiri.

Wasio na dawa wana kahawa. Mwaka 1995, kwenye chuo cha Rochester, Marekani, mhadhiri Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na magadi ya kufulia inasafisha mkanda. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Wanaoifanya wanasema robusta ya bei ndogo inashinda arabika, habari njema kwa nchi yenye Kagera. Mkanda wangu wa pili niliusafisha hivyo, chooni, usiku, nimeziba chini ya mlango kwa kitambaa. Nilikuwa nimeupiga nikitazama kizungushio cha kushoto kuliko nilivyowatazama watu. Niliuning'iniza kwenye kamba ya nguo kwa vibanio viwili, kimoja juu na kimoja chini kwa uzito, na asubuhi mama mwenye nyumba akauliza ni nani anayechemsha kahawa saa saba usiku.